Wakrii na Wasenegali, nani maskini zaidi? Tuanzie kwenye mlango wa mto

Juzi kijana mmoja anayesoma uchumi wa maendeleo hapa Montreal kaniuliza swali ambalo naulizwa mara nyingi, kwamba kati ya Wakrii wa hapa Kanada na Wasenegali nani wana hali ngumu zaidi, maana anaandika tasnifu na anataka aweke jedwali. Nikamwambia mdogo wangu, jedwali utaliweka, ila ukimaliza kuliweka utakuwa hujajibu kitu. Na mimi hilo jedwali nililiweka zamani, kazi yangu ni kupima uchumi wa kaya, yaani kipato, chakula, madeni, watu wangapi wanalala chumba kimoja, mambo hayo. Lilinichukua muda kuelewa kwanini lilikuwa linanidanganya, na ndo maana nataka nieleze hapa kwa kirefu kidogo.

Kwanza tuwekane sawa. Senegali ni nchi, ina watu milioni 18 hivi kwa sensa ya 2023, ina rais wake na bunge lake. Wakrii ni taifa la watu waliokuwepo kabla nchi haijachorwa juu yao, wapo zaidi ya laki mbili, wametawanyika kuanzia Quebec mpaka Alberta, na wengi wako kwenye rizavu, vipande vya ardhi ambavyo serikali ya Kanada iliwakatia. Kwahiyo ukichukua wastani wa Kanada ukaweka pembeni ya wastani wa Senegali umelinganisha Ottawa na Dakar tu, Wakrii humo hawamo kabisa.

Mimi napenda kulinganisha mahali na mahali, watu kwa watu. Na kuna sehemu mbili zinafanana mpaka nilipoziona mara ya kwanza kwenye ramani nilinyamaza. Zote ziko pale mto mkubwa unapoingia baharini, na zote watu wake walihamishwa kwa sababu ya maji kula ardhi au kutishia kuila.

Ya kwanza ni Chisasibi, pwani ya mashariki ya ghuba ya James Bay, kaskazini mwa Quebec. Chisasibi kwa Kikrii maana yake ni mto mkubwa. Zamani watu hawa walikaa kisiwani, Fort George, mdomoni mwa mto La Grande. Mwaka 1971 waziri mkuu wa Quebec, Robert Bourassa, akatangaza mradi mkubwa wa umeme wa maji kwenye mito yao bila kuwauliza. Wakrii wakaenda mahakamani, na Novemba 1973 jaji Albert Malouf akatoa zuio, kazi isimame. Zuio lilidumu wiki moja tu, mahakama ya rufaa ikalisimamisha. Lakini hiyo wiki moja ilitosha kuitia serikali hofu, kwasababu kumbe hawa watu wana haki ambazo hakuna aliyewahi kuzinunua wala kuzifuta, na ikabidi wakae mezani. Mkataba ukasainiwa tarehe 11 Novemba 1975. Baadae ikaonekana mradi utafanya maji ya mto yawe mengi kuliko asili, ikahofiwa kwamba kisiwa kitaliwa, kukawa na makubaliano mengine ya 1978, na mwanzoni mwa miaka ya 80 watu wakahamia bara, nyumba nyingi zikibebwa nzima nzima.

Ya pili ni Guet Ndar, mtaa wa wavuvi kule Saint-Louis, Senegali, kwenye ulimi mwembamba wa mchanga kati ya mto Senegal na bahari ya Atlantiki, wanauita Langue de Barbarie. Watu wamebanana pale balaa, mitumbwi ya mbao iliyopakwa rangi imepangwa mpaka milangoni. Oktoba 2003 mto ulijaa, mji ukawa hatarini kuzama, basi wakachimba mfereji wa dharura kwenye ule mchanga, upana wa mita 4 tu, maji yatoke haraka. Mji ulipona, ila bahari ikaingia hapo hapo na ule mfereji ukatanuka mpaka kuwa mlango wa kilomita kadhaa, vijiji vya kusini vikaliwa, na wavuvi wengi wamekufa wakijaribu kupita kwenye mawimbi ya mlango huo mpya. Huku juu nako bahari ikaendelea kumega nyumba za Guet Ndar, na baada ya mawimbi makubwa ya 2017 na 2018 familia nyingi zikapelekwa Djougop, bara huko, mbali na ufukwe, kwanza kwenye mahema.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndo utofauti wenyewe ulipo.

Wakrii wa Quebec, karibu 20,000 kwenye jamii tisa, walitoka na karatasi. Mkataba wa 1975 uliwapa wao na Wainuit, watu wengine wa kiasili wa kaskazini, dola milioni 225 za fidia, lakini mimi hiyo hela siioni kuwa ndo jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba walipata bodi yao ya shule na bodi yao ya afya, zote 1978, na sheria ya 1984 ikawatoa chini ya ile Sheria ya Wahindi ya 1876 (Wahindi hapa ni jina ambalo wazungu waliwapa watu wa kiasili, si watu wa India) ambayo bado inawabana ndugu zao wengine. Wakawa na shirika lao la ndege, Air Creebec, tangu 1982. Halafu 2002 wakasaini mkataba mwingine, Paix des Braves, dola bilioni 3.5 kwa miaka 50, ambao uliruhusu mto Rupert nao uchepushwe, na hapo Wakrii wenyewe hawakukubaliana wote, kuna jamii ziliumia sana na uamuzi ule na nadhani walikuwa na haki ya kuumia.

Wavuvi wa Guet Ndar hawakuwa na karatasi. Sio kwamba serikali yao ni ya wageni, ni serikali yao, wanaipigia kura, rais Bassirou Diomaye Faye mwenyewe aliingia 2024 kwa kura ya vijana waliochoka. Ila sheria haitambui kwamba kipande fulani cha bahari ni chao. Walivua hadi upande wa Mauritania vizazi na vizazi, ukaja kuchorwa mpaka wa nchi, wakawa wavamizi. Wakazoea mwamba wa chini ya bahari wa Diattara kwa ajili ya samaki, sasa maeneo hayo kuna mitambo ya gesi ya mradi wa GTA (Greater Tortue Ahmeyim) ambao Senegali inagawana na Mauritania, na mtumbwi hauruhusiwi kusogea. Hakuna jaji aliyesimamisha kitu hata kwa wiki moja.

Na mabwawa wote wanayo. Mfumo wa La Grande una uwezo wa zaidi ya megawati 16,000, bwawa la Manantali linalohudumia Mali, Mauritania na Senegali lina megawati 200, na Senegali anapata theluthi moja ya hizo. Lakini maumivu hayaendi kwa megawati. Kule James Bay ardhi ilipofunikwa na maji zebaki iliyokuwa kwenye udongo na majani ikageuka sumu kali zaidi ikaingia kwenye samaki, na watu wa Chisasibi wakaambiwa samaki waliokula maisha yao yote sasa wawapunguze. Kwenye mto Senegal bwawa la Diama lilikamilika 1986 kuzuia maji ya chumvi yasipande, maji yakawa hayana chumvi na yametulia mwaka mzima, konokono wakaipenda hiyo hali, na kuanzia 1988 kichocho cha tumbo kikalipuka Richard-Toll, mji wa mashamba ya miwa. Watu wanaoishi kando ya ziwa Victoria wanajua vizuri hii habari ya konokono, sihitaji kueleza sana.

Turudi kwenye lile jedwali langu. Lilikuwa na safu ya kipato cha fedha, na kwenye safu hiyo Mkrii wa Chisasibi anamwacha mvuvi wa Guet Ndar mbali sana, hata hakuna mjadala. Ila mimi nilikuwa nimesahau kwamba dukani kule kaskazini mwa Kanada chakula kinafika kutoka mbali na bei yake ni ya kutisha, halafu nilikuwa sijahesabu nyama ya porini hata kilo moja. Kila majira ya kuchipua, bata bukini wakirudi kutoka kusini, shule na ofisi za Wakrii zinafungwa wiki kadhaa na familia zinaenda kambini kuwinda, na nyama inagawiwa kwa wazee na wajane na majirani. Hata mkataba wa 1975 uliliona hili, kuna mpango unaolipa posho familia zinazokaa porini kuwinda na kutega kwa miezi minne na zaidi kwa mwaka. Fikiria, serikali inakulipa ubaki mwindaji! Sijaona sera nyingi za kijamii zenye akili kama hiyo, na Wakrii ndo waliipigania.

Senegali hakuna posho ya mvuvi. Kuna sinia. Wali na samaki, ceebu jën, watu wanazunguka sinia moja na anayepita anakaribishwa, na nani kachangia nini hakihesabiwi mbele yake. Lakini samaki wa hilo sinia wanapungua, chewa wanaoitwa thiof sasa ni wa hotelini na wa kusafirishwa nje, na yaboy, jamii ya dagaa papa, chakula cha mtu wa kawaida, wanasagwa kwenye viwanda vya unga wa samaki kulisha samaki wa kufugwa nchi nyingine. Hili linaniuma kwa kweli, maana ni protini ya mtoto wa Senegali inayoenda kuwa chakula cha samaki wa mtu mwingine.

Kwenye mikopo ndo utashangaa zaidi, maana tajiri na maskini hapa wanakaa benchi moja. Kwenye rizavu nyingi za Kanada ardhi iko mikononi mwa serikali, mtu hawezi kuiweka rehani, kwahiyo benki haimkopeshi ajenge. Senegali sheria ya 1964 iliweka sehemu kubwa ya ardhi kuwa ya taifa, mkulima ana haki ya kuitumia tu, na kwa Mtanzania hili si geni. Tofauti ni kwamba wanawake wa Senegali wamejijengea benki zao wenyewe, tontine, ambazo ni upatu kabisa kama tunavyoujua sisi, na juu yake kuna hela za ndugu waliopo Italia, Uhispania, Ufaransa na New York ambazo ni kama sehemu moja ya kumi ya pato la nchi nzima. Mji wa Touba, wa Wamuridi, tariqa kubwa ya Kiislamu kule, umekuzwa kwa namna hiyo hiyo, michango ya waumini. Mkrii hana ndugu wa kumtumia hela kutoka nje, hela yake inapitia ofisi ya jamii na serikali, na ofisi ikikwama kila kitu kinakwama.

Na asidhani mtu kwamba Chisasibi ndo Wakrii wote. Vuka James Bay uende upande wa Ontario, Attawapiskat, Wakrii vilevile. Huko kuna mkataba wa kale, namba 9, wa mwaka 1905, hakuna wa 1975. Mgodi wa almasi wa De Beers ulifunguliwa 2008 kilomita 90 hivi kutoka kijijini, na 2011 kijiji hicho hicho kikatangaza hali ya dharura kwasababu watu walikuwa wanaishi kwenye mabanda na mahema baridi ikianza kuingia. Mgodi ulifungwa 2019. Lugha ndugu, ghuba moja, bata bukini wale wale, maisha tofauti.

Kuna kitu kingine jedwali halikuwa na safu yake kabisa. Watoto wa kiasili karibu 150,000 Kanada walichukuliwa kwenda shule za bweni, wakakatazwa lugha yao, wengi hawakurudi, na serikali iliomba radhi 2008 tu. Fort George yenyewe ilikuwa na shule hizo. Kwa takwimu za 2011 hadi 2016 watu wa Mataifa ya Kwanza, yaani mataifa ya kiasili kama Wakrii, walikuwa wanajiua kwa kiwango mara tatu ya wasio wa kiasili, na Aprili 2016 Attawapiskat ilitangaza dharura tena, safari hii kwa ajili ya vijana wake waliojaribu kujiua. Mimi nikiona hizo namba siwezi tena kusema hawa wana hali nzuri kwasababu wanapata dola nyingi. Senegali ilitawaliwa na Mfaransa, ilinyonywa karanga zake kupitia mji wa Kaolack, lakini mtoto wa Guet Ndar anakua akisikia Kiwolof redioni, sokoni, kwenye hotuba ya rais. Hajawahi kuwa mgeni kwao.

Ila naye anakufa. Anapanda mtumbwi wa baba yake kwenda visiwa vya Kanari kwasababu samaki hakuna. Mwaka 2023 mtumbwi uliotoka Fass Boye, kijiji cha wavuvi cha Senegali, na watu zaidi ya 100 ulikutwa mwezi Agosti karibu na Cape Verde, waliokuwa hai ni 38.

Kwahiyo nilimwambia yule kijana, usifute jedwali, ila ongeza safu moja mwanzoni kabisa, uandike siku walipokuja kuchukua mto, hawa watu walikuwa na nini mkononi cha kuwasimamisha. Halafu nyingine mwishoni, nani alibaki na watoto wake na lugha yake. Ukijaza hizo mbili utaona zile za katikati zinabadilika maana zenyewe.

Kila majira ya joto watu wa Chisasibi wanapanda boti kurudi kisiwani Fort George, wanapiga mahema, wanapika, wazee wanaonyesha wajukuu nyumba yao ilikuwa wapi. Na wavuvi waliohamishiwa Djougop wao wanarudi kila siku, usiku usiku, maana mtumbwi bado uko Guet Ndar na bahari ndo hiyo hiyo iliyokula nyumba.