Mihuri ya mitungi inavyotudanganya: ufinyanzi na matofali ya Marekani, karne ya 19

Dhana: Ufinyanzi ulikuwa kazi ya mafundi wachache Wazungu, kila mtu na kibanda chake.

Huko Edgefield, South Carolina, wanaakiolojia walifukua tanuri lenye urefu wa mita 32 hivi. Hicho ni kiwanda, na waliokiendesha walikuwa watumwa: walichimba udongo, wakaukanda, wakapasua kuni, wakafinyanga na kuchoma. Wenye mashamba walinunua mitungi yao ya kuhifadhia nyama ya chumvi na mafuta ya nguruwe.

Dhana: Basi watumwa walifanya sulubu tu, ufundi ulikuwa wa bwana.

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. David Drake wa hukohuko Edgefield, aliyezaliwa mtumwa karibu na mwaka 1801, alifinyanga mitungi ambayo wengi wasingethubutu kuianza. Miwili ya mwaka 1859, aliyoitengeneza pamoja na mwenzake Baddler, inabeba takriban lita 150 kila mmoja. Sehemu ya chini ilifinyangwa kwenye gurudumu, kisha kuta zikapandishwa kwa kamba za udongo zilizozungushwa moja juu ya nyingine.

Tena aliandika. Udongo ukiwa bado mbichi, alichora kwa ncha kali herufi za mwanzo za jina la bwana wake, Lewis Miles, tarehe, halafu jina lake: Dave. Mingine aliitia beti. Kwenye mtungi wa Agosti 1857 anauliza ndugu zake wote wako wapi. Swali zito kutoka kwa mtu ambaye jamaa zake wangeweza kuuzwa siku yoyote. Na tangu 1834 sheria ya jimbo ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Yeye akaweka jina lake kwenye vyombo vinavyouzwa hadharani!

Dhana: Muhuri wa mfinyanzi Thomas Commeraw wa New York, yaani jina lake lililogandamizwa kwenye mitungi, ni wa Mzungu.

Wakusanyaji wa vyombo vya kale waliamini hivyo miaka na miaka, bila kuuliza. Kumbukumbu za sensa zilionyesha kwamba alikuwa Mweusi huru mwenye kiwanda chake.

Dhana: Matofali ya New York yaliletwa na meli kutoka Uingereza.

Machache, zamani za ukoloni. Katika karne ya 19 mji ulikula matofali ya bonde la mto Hudson, hasa ya mji wa Haverstraw, yaliyoshushwa kwa mashua. Kilichotoka Uingereza ni fundi, James Wood, aliyechanganya vumbi la makaa ya mawe kwenye udongo ili tofali liive hadi ndani kwa kuni chache.