Utafiti Mtambuka Si Wingi wa Idara

Utafiti mtambuka ni ule ambao taaluma mbili au zaidi hulijibu swali moja kwa kuunganisha dhana na mbinu zao, hata jibu lisiweze kudaiwa na taaluma moja peke yake. Maana hiyo haina ugumu. Kinachosumbua ni kwamba siku hizi karibu kila andiko la mradi lenye majina ya wahadhiri wa idara tatu huitwa mtambuka, ilhali mara nyingi linaloelezwa humo ni utafiti wa taaluma nyingi.

Tofauti hiyo si mpya. Katika mkutano ulioandaliwa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1970, wataalamu waliainisha kwamba katika utafiti wa taaluma nyingi taaluma huwekwa bega kwa bega tu, lakini katika ule mtambuka huingiliana, hadi kufikia kuunganisha dhana, mbinu na taratibu zao. Kipimo changu ni hiki: ikiwa sura ya mwanauchumi inaweza kuondolewa katika ripoti na sura ya mwanabiolojia isibadilike hata sentensi moja, basi hakuna kilichotambuka.

Tazama upimaji wa umri wa mabaki ya kale kwa kaboni-14 (aina ya kaboni ambayo viumbe huipata kutoka angani wakiwa hai, na ambayo hupungua polepole baada ya wao kufa), ambao Willard Libby, mwanakemia, aliuasisi katika Chuo Kikuu cha Chicago mwishoni mwa miaka ya 1940. Alihitaji vitu ambavyo umri wake ulikwisha kujulikana kwa njia nyingine, vikiwemo vya makaburi ya Misri ya kale, ili aijaribu mbinu yake. Baadaye wataalamu wa pete za ukuaji wa miti walionyesha kwamba kiwango cha kaboni-14 angani hakikuwa kimoja katika enzi zote, kama ilivyodhaniwa, na hesabu zikalazimika kusahihishwa. Marekebisho hayo nayo yaliwageukia wanaakiolojia, kwa sababu baadhi ya makaburi ya mawe makubwa ya Ulaya Magharibi yalibainika kuwa ya kale kuliko piramidi za Misri, na maelezo ya kwamba ujenzi huo ulienea kutoka mashariki yakakosa msingi. Hapo kila upande ulilazimika kuacha jambo uliloliamini, na hiyo ndiyo gharama ambayo miradi mingi huikwepa.

Vivyo hivyo katika ufundishaji: kozi ambayo wahadhiri watatu huingia darasani kwa zamu, kila mmoja akitunga na kusahihisha maswali yake mwenyewe, ni kozi ya taaluma nyingi, hata kama ni nzuri sana.

Wala si aibu. Utafiti wa taaluma nyingi una kazi yake, na kwa maswali mengi unatosha kabisa. Anayeandaa andiko la namna hiyo na auite kwa jina lake, wasomaji wa andiko wajue wanachoahidiwa.