DPI ni nini, na kwa nini uiulize kabla picha haijalazwa kwenye skana

Kwenye saiba ninakofanya kazi, hapa katikati ya jiji la Nairobi, programu ya skana hufunguka ikiwa imeshajichagulia kila kitu: rangi, karatasi ya A4, DPI 200. Foleni ikiwa ndefu unabonyeza tu. Kwa nakala ya kitambulisho au cheti cha shule hakuna linaloharibika. Siku moja ikaletwa picha ya pasipoti ya mama wa watu, nami nikabonyeza vilevile.

Mama huyo alikuwa ameaga dunia. Mwanawe alikuja jioni, basi la mazishi lilikuwa liondoke alfajiri, na alitaka picha hiyo ikuzwe hadi A4, itiwe kwenye fremu, iwekwe mbele ya jeneza. Nikaskani, nikamtumia faili, nikamrudishia picha. Akaenda kuichapisha duka jingine lenye printa nzuri. Saa mbili usiku akanipigia: "Dada, uso wa mama umekuwa vigae." Picha yenyewe ilikuwa imeshatangulia nyumbani na binamu yake. Haikuwezekana kurudia.

DPI ni kifupi cha Kiingereza, na maana yake ni doti kwa kila inchi. Ili uelewe doti hizo ni nini, fikiria kinachotokea chini ya kioo. Kuna taa, na kuna vihisi vidogo sana vilivyopangwa safu moja. Taa inapopita, kila kihisi hutoa jibu moja tu: hapa nilipo, mwanga uliorudi ni kiasi gani na wa rangi gani. Kisha safu inasogea hatua moja, vihisi vinajibu tena. Kila jibu ndilo doti, ambalo likishaingia kwenye kompyuta huitwa pikseli. Ukichagua 200, basi katika kila inchi, yaani sentimita 2.54, skana inachukua majibu 200 kwenda upande na 200 kwenda chini. Kilicho katikati ya jibu na jibu hakiandikwi popote, na hakuna programu itakayokirudisha baadaye kwa ukweli wake.

Sasa turudi kwa picha ya mama. Picha ya pasipoti ina milimita 35 kwa 45. Kwa DPI 200, urefu wake wote ulitoa pikseli 354. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, karibu inchi 11.7. Ukizitandaza pikseli 354 juu ya urefu huo, kila inchi inapata doti 30, na kila doti inakuwa na upana wa karibu milimita moja. Jicho la mtu huliona doti la ukubwa huo waziwazi, likiwa na pembe zake nne. Hivyo ndivyo vigae alivyoviona.

Mashine ileile ilikuwa na uwezo wa 1200. Kwa namba hiyo urefu ungetoa pikseli 2126, na kwenye A4 ingekuwa doti 182 kwa inchi. Picha ya kushikwa mkononi huchapishwa vizuri kwa 300, lakini fremu inayotazamwa kutoka hatua mbili tatu hutosheka na 150 hadi 200. Ilihitaji kubonyeza mara moja zaidi na subira ya dakika moja hivi.

Hesabu ya kukumbuka ni fupi. Chukua doti unazotaka kwenye karatasi ya mwisho, uzidishe kwa mara ambazo picha inakuzwa. Picha ya inchi 4 kwa 6 itakayochapishwa kwa ukubwa uleule inahitaji 300. Ikikuzwa mara mbili, 600. Pasipoti ikipelekwa A4 inakuzwa mara sita na nusu hivi, kwa hiyo 200 niliyoiacha pale isingefaa kamwe.

Ni lazima niseme pia mipaka yake. Picha ya karatasi iliyosafishwa studio haikushika kila kitu. Ukipita 600 kwa kawaida huvuni sura mpya; unaanza kuvuna chembechembe za karatasi, mikwaruzo na vumbi la kioo. Kwa hiyo hata kwa 1200 uso wa picha ndogo hautapata kope ambazo karatasi yenyewe haikuziweka. Utakuwa laini badala ya kuwa vigae, na kwa familia inayoomboleza tofauti hiyo ni kubwa.

Negativu, yaani ule ukanda wa filamu ambao picha ya karatasi hutolewa kwao, ni jambo jingine. Ile ya filamu ya kawaida ya milimita 35 ina sehemu ya picha ya milimita 24 kwa 36 tu, lakini ndani yake mna mengi kuliko kwenye karatasi iliyotoka kwayo. Kwa 2400 inatoa pikseli 2268 kwa 3402. Ila inahitaji skana yenye taa ya upande wa pili, inayopenyeza mwanga ndani ya filamu, na skana nyingi za saiba hazina taa hiyo. Ukiwa na negativu za mzazi wako kwenye bahasha, usizitupe kwa sababu saiba imeshindwa kuzisoma.

Tahadhari moja kwa anayenunua skana: kwenye sanduku unaweza kukuta namba kubwa ajabu, 9600 au zaidi. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya vihisi na lenzi. Ikiwa 1200 × 2400, ya kwanza ni wingi wa vihisi kwa inchi, ya pili ni hatua za mota. Zinazozidi hapo ni doti ambazo programu imezikisia kutoka kwa jirani zake. Faili litakuwa kubwa, lakini halitakuwa na habari zaidi.

Basi kwa nini tusiweke 1200 kwa kila kitu? Kwa sababu doti huongezeka pande mbili kwa pamoja. Ukizidisha DPI mara mbili, pikseli zinazidi mara nne. Ukurasa wa A4 kwa 150 una pikseli 1240 kwa 1754. Kwa rangi, kila pikseli hubeba baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kwa hiyo ukurasa huo kabla ya kubanwa una MB 6.5. Kwa 300 unafika MB 26. Kwa 600 unapita MB 100. Kijana anayetaka kutuma vyeti vitano kwenye tovuti ya maombi ya kazi inayokataa faili lililozidi MB 2, dakika chache kabla ya saa sita usiku, hana haja na uzito huo.

Hapa ndipo namba ileile inapodai kinyume chake, na wateja wengi huchanganyikiwa. Wapo wanaoniambia, "Nipe yenye MB nyingi, ndiyo safi." MB ni uzito wa faili, usafi wa picha ni hesabu ya pikseli na namna zilivyobanwa. Kwa nyaraka za kusomwa, 200 inatosha, na 300 ni bora ikiwa kuna maandishi madogo, au unataka kompyuta iyatambue maandishi ili uweze kuyatafuta na kuyanakili. Chini ya 150, namba ndogo ya mfululizo kwenye cheti huanza kufifia, na anayekagua ataomba utume upya.

Picha ya kwanza kabisa kuingizwa kwenye kompyuta kwa skana ilikuwa ya uso wa mtoto. Mwaka 1957 nchini Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliiskani picha ya mwanawe Walden, aliyekuwa na umri wa miezi mitatu. Ilikuwa na upana wa sentimita 5 hivi, na ikatoa pikseli 176 kwa 176, jumla 30,976. Kila doti lilijua mambo mawili tu, nyeusi au nyeupe. Ili wapate vivuli vya kijivu vya shavu la mtoto, ilibidi waiskani tena kwa viwango tofauti vya mwanga na kuyapandanisha matokeo.

Chaguo hilo la nyeusi na nyeupe tupu bado limo kwenye skana yako, na watu hulichagua wakidhani ndilo la kijivu. Si sawa. Kwenye nyeusi na nyeupe kila doti linalazimishwa kuwa wino au karatasi. Ni jepesi mno: A4 ya 300 ni MB moja hivi hata kabla ya kubanwa, na barua iliyopigwa chapa inasomeka vizuri. Lakini weka hapo barua yenye muhuri wa chifu wa wino wa buluu uliopauka, na muhuri unaweza kutoweka kabisa. Muhuri wa wakili uliopigwa juu ya maandishi nao hugeuka doa jeusi lililoyafunika. Nimeona watu wakirudishwa na maofisa kwa sababu hiyo, ilhali karatasi waliyo nayo mkononi ni halali. Penye muhuri au sahihi ya wino wa rangi, skani kwa rangi, kisha utafute njia nyingine ya kupunguza uzito.

Kijivu cha kweli kina ngazi 256 kutoka nyeusi hadi nyeupe, na uzito wake ni theluthi ya rangi. Kinafaa kwa karatasi za kawaida zenye picha. Kwa picha za zamani zisizo na rangi, mimi bado huziskani kwa rangi. Manjano ya uzee, maandishi ya kalamu pembeni, alama ya studio, vyote ni sehemu ya picha hiyo, na rangi huweza kuondolewa wakati wowote baadaye.

Kuhusu kubana. JPEG, ambayo ni aina mojawapo ya faili la picha, huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa yale mabadiliko madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Kipimo cha ubora unachokiona wakati wa kuhifadhi kinaamua itupe kiasi gani. Kati ya 80 na 90 huoni tofauti. Ukishuka sana, vijisanduku vinaanza kujitokeza, hasa kandokando ya herufi. Na kila ukifungua, ukibadilisha na kuhifadhi tena, inatupa tena. PNG na TIFF ya kawaida, ambazo nazo ni aina za faili la picha, hubana bila kutupa chochote, lakini ni nzito. PDF ni kama bahasha: ndani yake huwa mna picha, mara nyingi JPEG, na ubora wake ni ule wa kilichotiwa ndani.

Nikitakiwa kushusha uzito wa waraka, hufuata mpangilio huu: kwanza naondoa rangi pasipokuwa na muhuri, pili nashusha DPI kutoka 300 hadi 200 au 150, na ubora wa JPEG naugusa mwisho. Watu wengi huanza na ubora, ndipo herufi zinapochafuka.

Simu nayo ni skana, ila haina DPI ya kudumu. Kamera ya pikseli milioni 12 hutoa 4000 kwa 3000. A4 ikijaza fremu yote, hiyo ni zaidi ya 300 kwa inchi. Ukipiga kwa mbali karatasi ikachukua nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na nusu ya DPI hiyo. Na ukiituma kwa WhatsApp kama picha, itapunguzwa njiani. Itume kama hati, ifike ilivyo.

Neno moja kuhusu fomu zinazodai "picha iwe ya DPI 300" bila kutaja ukubwa wa karatasi. Dai hilo peke yake halisemi lolote. Ndani ya faili DPI ni lebo tu. Picha ya pikseli 1200 kwa 1800 ni ileile ikiandikwa 72 au 300, mpaka useme itachapishwa kwa inchi ngapi. Uliza wanataka pikseli ngapi, au sentimita ngapi kwenye karatasi.

Siku hizi, kabla sijafunika kioo, humuuliza mteja: inaenda wapi? Tovuti, printa, au kuhifadhiwa? Ikiwa ni picha ambayo hana nyingine, naiskani kubwa hata kama ameomba ndogo, kwa sababu ndogo hutengenezwa kutoka kwa kubwa wakati wowote.

Miezi miwili baada ya mazishi, yule ndugu alirudi na picha ya mamake ndani ya kitabu cha nyimbo ili isikunjike. Nilipangusa kioo, nikaiweka 1200, rangi, TIFF. Ilitoka pikseli 1654 kwa 2126, kama MB 10 na nusu. Kutoka kwayo tukatengeneza JPEG ya kuchapisha A4, na nyingine ndogo ya kundi la familia kwenye simu. Ile kubwa hatukuigusa. Iko kwenye flashi yake, na nyingine iko kwenye barua pepe ya dadake.