Kusoma kumbukumbu ya mwamba kwa nyundo na jiofoni

Ukipiga nyundo ya kilo 8 kwenye bamba la chuma huko Makutupora, karibu na Dodoma, Tanzania, wimbi linalofika kwenye jiofoni (kifaa cha kunasa mtikisiko wa ardhi) mita 60 mbele halifanani na lililoondoka. Limefifia, na ncha zake zimelainika. Graniti iliyomomonyoka na kujaa maji ina kumbukumbu: mkazo wake wa sasa hutegemea pia jinsi mwamba ulivyominywa muda mfupi uliopita. Mwanafizikia Ludwig Boltzmann aliliweka wazo hili kwenye hesabu mwaka 1874. Mlinganyo wa wimbi huongezewa jumla ya yote yaliyopita, na kila kilichopita hupewa uzito k unaopungua kadiri muda unavyokwenda. Kazi yetu ni kuwa na rekodi na kuitafuta k.

Kumbukumbu ikiwa dhaifu, tofauti kati ya rekodi na wimbi lisilo na kumbukumbu ni

g(t) = ∫ f(t−s) k(s) ds, s kutoka 0 hadi t,

ambapo f inatokana na pigo, na muda unahesabiwa tangu wimbi lilipofika. Tukichukua kasi ya badiliko pande zote mbili:

g′(t) = f(0) k(t) + ∫ f′(t−s) k(s) ds.

Hapa f(0) ndiyo roho ya jambo. Ikiwa si sifuri, unagawanya kwa hiyo kisha unapata k hatua kwa hatua. Pigo likianza polepole, f(0) inakaribia sifuri na utalazimika kuchukua kasi ya badiliko (kwa kifupi, badiliko) mara ya pili. Kelele (mtikisiko usiotokana na pigo) ya 0.01 kwa hatua, yaani muda kati ya kipimo na kipimo, ya sekunde 0.0005 huwa 20 katika badiliko la kwanza; katika la pili huwa 40,000. Kwa hiyo ondoa vumbi laini, gandamiza bamba vizuri, na ulainishe data kabla ya kugusa badiliko lolote. Hatua ya sekunde 0.005 inashusha 20 kuwa 2, ila k ya chini ya milisekunde 5 utaipoteza.

Kujumlisha mapigo 16 hupunguza kelele ya upepo mara 4. Lakini kianzio cha saa, yaani kinachoanzisha rekodi nyundo inapopiga, kikiyumba milisekunde 1 kati ya pigo na pigo, wastani hulainisha ncha, nawe utaandika kumbukumbu ambayo mwamba hauna. Sogeza rekodi za mapigo moja moja hadi mianzo yake ilingane kwanza.

Kasi ya wimbi, c, ichukuliwe kwenye mfiko wa kwanza kabisa, kwa kuwa ukingo wa wimbi husafiri kwa c hata kumbukumbu ikiwepo. Ukiipima kwenye kilele, sehemu ya k inamezwa na c. Sahihisha pia kufifia kunakotokana na wimbi kutanuka kadiri linavyosonga mbali.

Kabla ya data halisi, jaribu k unayoijua, tuseme e^(−t/0.02), pamoja na kelele ya asilimia 1. Wimbi la majaribio litengeneze kwa hatua ya milisekunde 0.1, kisha tafuta k kwa 0.5; hatua zikilingana, makosa ya programu hufutana na jibu hupendeza bure.