Kwa Nini Anime Hufifia Runingani, Kisha Ikang'aa Kwenye Diski?

Chukua tukio lolote la mapigano makali katika anime, yaani katuni za Kijapani, za miaka hii. Ngumi zinarushwa, umeme unapasuka, na pale hasa unapongoja mng'ao, skrini inaingia ukungu. Rangi zinapauka kama shati lililofuliwa mara mia. Mkono ukipita, nyuma yake unabaki mkono mwingine hafifu, kama kivuli kilichochelewa kuondoka. Sekunde chache baadaye kila kitu kinarudi sawa. Ikipita miezi, mfululizo uleule unatoka kwenye diski za Blu-ray, na tukio lile lililofifia sasa linawaka kama jua la saa sita. Waliotazama msimu wa kwanza wa One-Punch Man ulipokuwa ukirushwa na kituo cha TV Tokyo mwaka 2015 wanalijua vizuri jambo hili.

Mimi nililielewa vibaya mara mbili.

Mara ya kwanza nililaumu nakala. Nilikuwa napokea anime kwenye flashi iliyopita mikono mingi, kwa hiyo ukungu ule niliuona kuwa ni uchakavu tu, kama kanda za zamani. Baadaye nikajiunga na huduma halali ya mtandaoni, nikalipa, nikakuta ukungu uleule, kwenye sekunde zilezile. Nakala haikuwa na kosa.

Mara ya pili nilijiona mjanja zaidi: nikasema ni njama ya biashara. Na kusema kweli hoja yangu haikuwa ya kipuuzi. Anime nyingi za Kijapani hurushwa usiku wa manane, katika muda wa hewani ambao mara nyingi hulipiwa na wenye mfululizo wenyewe, yaani kamati ya kampuni zilizochanga fedha za kuutengeneza. (Vituo vya Japani huandika saa 25:30 vikimaanisha saa saba na nusu usiku. Sisi wenye saa za Kiswahili tusiwacheke.) Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha ilitegemewa kurudi kupitia diski, na diski za kule ni ghali: yeni 6,000 au 7,000 kwa diski yenye vipindi viwili tu lilikuwa jambo la kawaida. Runinga ikawa tangazo, diski ndiyo bidhaa. Tena ipo hila ambayo kila mtazamaji anaijua: mhusika akiingia bafuni, mvuke mzito au mwale wa mwanga usio na chanzo unamfunika runingani, na kwenye diski mvuke unatoweka. Nikajumlisha moja na moja: hata ukungu wa mapigano wameuweka ili tununue. Niliwaeleza watu wengi, kwa sauti ya mtu anayejua.

Hesabu hiyo ina matundu, na aibu yangu ni kwamba yalikuwa wazi tangu mwanzo. Muuza samaki hawapaki tope samaki wa juu ya meza ili wateja wawatamani wale wa kwenye barafu. Mpigano mkubwa ndio unaosambaa na kumvuta mtazamaji mpya. Kuuharibu huo ni kujitia kidole jichoni. Halafu ukungu huo upo hata kwenye vipindi vya watoto, ambavyo pesa yake inatoka kwenye vinyago na michezo, wala si kwenye diski. Na ukitazama kwa makini, ukungu haujali kilichomo kwenye picha. Damu inaweza kumwagika taratibu, na picha isififie hata kidogo. Taa ya duka ikipepesa haraka, bila mtu yeyote kuguswa, picha inafifia.

Lililonimaliza kabisa ni taarifa ya habari. Runinga za Japani zinapoonyesha mkutano wa waandishi, mtu mashuhuri akiinama kuomba radhi huku kamera zikimulika, mara nyingi maandishi hutokea kwenye skrini yakiwatahadharisha watazamaji kuhusu mimweko ya kamera. Taarifa ya habari haina diski ya kuuza.

Chanzo kina tarehe. Jumanne ya Desemba 16, 1997, saa kumi na mbili na nusu jioni, TV Tokyo ilirusha kipindi cha 38 cha Pokémon, katuni ya watoto kuhusu viumbe wa ajabu wanaoitwa kwa jina hilohilo. Mashujaa wameingia ndani ya mfumo wa kompyuta, makombora yanawafuata, Pikachu, kiumbe maarufu kuliko wote, anayapiga kwa umeme, na mlipuko unaijaza skrini kwa rangi nyekundu na buluu zikipokezana mara 12 hivi kwa sekunde, kwa sekunde kadhaa. Jioni hiyo watoto walianza kulalamika kuumwa kichwa na kizunguzungu, wengine wakatapika, wengine wakapoteza fahamu au kushikwa na degedege. Hesabu inayotajwa rasmi ni watu 685 waliopelekwa hospitali. Wengi walipata nafuu upesi, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuugua kifafa. Mfululizo ulisimamishwa kwa miezi minne, ukarudi Aprili 1998. Kipindi chenyewe hakijarushwa tena wala kutolewa kwenye diski.

Mwanga unawezaje kumwangusha mtu? Fikiria soko asubuhi. Mamia ya watu wanaongea kwa pamoja, huyu anataja bei, yule anamwita mchukuzi, na ukisimama mbali unasikia mvumo tu. Sasa mtu apande juu ya meza na kupiga debe kwa mapigo yanayolingana, na kila debe linapolia soko zima lipige kofi moja. Watu ni walewale, mikono ni ileile, ila mabati ya paa yanatikisika. Seli za neva za kisogoni, zinazopokea habari kutoka machoni, ndizo watu hao. Huzungumza kwa umeme mdogo, na kwa kawaida kila kundi lina zamu yake. Mmweko mkali unazifanya nyingi zifyatue kwa wakati mmoja. Wa pili unakuja, tena kwa wakati mmoja. Katika ubongo wa walio wengi zimo seli nyingine ambazo kazi yake ni kutuliza, kama mgambo wa soko, nazo hulizima lile kofi kabla halijafika mbali. Kwa wachache mgambo ni dhaifu; kofi linavuka kutoka kisogoni, linaenea ubongo mzima, na mwili unaanza kufuata mdundo ambao haukuuomba.

Kasi nayo ina siri yake. Anayesukuma bembea akisukuma kwa nafasi ndefu mno, bembea inatulia kabla ya msukumo mwingine. Akisukuma ovyo haraka haraka, mikono yake inapambana na bembea yenyewe. Akiipatia, mtoto anaruka hadi matawini kwa nguvu ndogo. Mimweko ya polepole inaupa ubongo nafasi ya kutulia. Ile ya haraka sana jicho haliioni kabisa: taa ya mrija ya zamani kwenye umeme wetu wa Afrika Mashariki huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, nasi tunaiona imetulia. Hatari imo katikati, na kwa watu wengi walio na udhaifu huo kilele chake ni kati ya mara 15 na 25 kwa sekunde. Mlipuko wa Pikachu ulikuwa jirani kabisa. Katuni ni mfuatano wa picha moja moja, yaani fremu, zinazopita 24 kwa sekunde. Paka fremu moja nyekundu na inayofuata buluu, umepata mapigo 12, bila mchoraji kuwa na nia yoyote mbaya. Wekundu uliokolea una ukali wake wa pekee kwa watu hawa, hata kama mwangaza wenyewe haubadiliki sana.

Wachoraji wa Kijapani walikuwa na jina la mbinu hiyo: pakapaka. Kwao ni sauti ya kitu kinachowaka na kuzima. Kwetu ni mtu anayepaka rangi bila mpango, na sina hakika kwamba tumekosea.

Hapa niongeze tahadhari. Kifafa kinachoamshwa na mwanga hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 4,000 hivi, zaidi watoto wakubwa na vijana. Kwa mamilioni waliokuwa mbele ya runinga jioni ile, mamia si idadi ya kushangaza. Lakini siku zilizofuata habari zilipovuma, idadi ya watoto waliodaiwa kujisikia vibaya ilipanda hadi maelfu, na mwaka 2001 Benjamin Radford na Robert Bartholomew waliandika katika jarida la Southern Medical Journal kwamba sehemu kubwa ya wimbi hilo inafanana zaidi na hofu ya kuambukizana kuliko kifafa. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja: mwanga uliwaangusha baadhi, na khofu ikawabeba wengine. Mpaka uko wapi, hakuna aliyewapima wote jioni ile.

Hata hivyo dalili zilikuwepo mapema. Uingereza ilishapata tatizo kama hili mwaka 1993 kwa tangazo la tambi, ikaweka masharti. Na Machi 1997 katuni ya NHK, shirika la utangazaji la umma, ilikuwa imewasumbua watoto kadhaa huko huko Japani, pasipo kelele kubwa. Baada ya Desemba hapakuwa na pa kujificha. Aprili 1998 NHK na chama cha watangazaji binafsi wakatoa mwongozo wa pamoja: mimweko isizidi mitatu kwa sekunde, na wekundu uliokolea utazamwe kwa uangalifu wa ziada. Ikilazimu kuzidi, ukomo ni mitano, mabadiliko ya mwangaza yasivuke asilimia 20, na isiendelee zaidi ya sekunde mbili. Hata mistari na miduara inayojirudia na kujaza skrini iepukwe.

Sasa rudi kwenye ukungu wetu. Kipindi cha anime mara nyingi hukamilika siku chache, wakati mwingine saa chache, kabla ya kurushwa. Kinapopimwa kwa mashine na kukutwa na mimweko iliyozidi, hakuna muda wa kuchora upya. Pilipili ikishazidi kwenye mchuzi ulioiva huwezi kuichuja, unaongeza tui. Tui la kwanza ni giza: mwangaza unashushwa ili tofauti kati ya fremu na fremu iwe ndogo. Tui la pili ni mchanganyiko: kila fremu inachanganywa na iliyotangulia, ili badiliko lije kwa mteremko badala ya kishindo. Ndiyo maana unaona mkono wa pili hafifu nyuma ya mkono. Huduma za mtandaoni zinazoonyesha kipindi siku ileile kwa kawaida hupewa chungu kilekile chenye tui.

Diski haimo ndani ya mwongozo huo, kwa kuwa mwongozo ni wa watangazaji. Anayenunua diski ameichagua, na anaweza kuisimamisha. Antena ya saa kumi na mbili na nusu inaingia nyumba zote kwa mpigo. Basi watengenezaji hurudi kwenye mchuzi wa mwanzo, na kwa kuwa sasa wana miezi mkononi, wengine hurekebisha hata michoro iliyopinda. Si wote. Pokémon yenyewe ilikwenda kinyume: vipindi vyake vya mwanzo vilipitiwa upya na mimweko kupunguzwa, hadi wimbo wa ufunguzi ukahaririwa. Kwa hiyo mtu mwenye udhaifu huu asidhani diski imepita kwenye mizani ileile.

Na lile onyo la mwanzo wa katuni za Kijapani, kwamba uwashe taa na ukae mbali, sasa lina maana. Chumba chenye mwanga kinapunguza tofauti kati ya skrini na giza. Umbali unaifanya skrini ichukue sehemu ndogo ya jicho. Mimweko ikikushtukiza, wataalamu hushauri ufunike jicho moja kwa kiganja na kugeuka. Kufumba yote mawili hakusaidii sana, maana kope hupitisha mwanga, tena mwekundu.

Limebaki kosa moja ambalo halijarekebishwa. Kipindi kile kilikuwa na mgeni, Pokémon wa kompyuta aitwaye Porygon, na tangu hapo yeye na wale anaobadilika kuwa hawajapewa tena nafasi ya maana katika mfululizo. Aliyepiga umeme alikuwa Pikachu, ambaye sura yake imechorwa hadi kwenye ndege. Septemba 2020 akaunti rasmi ya Pokémon kwenye Twitter ilimtetea Porygon kwamba hakufanya kosa lolote. Baada ya muda mfupi ujumbe ukafutwa.