Je, wajua kwa nini duka la picha la mtaani lilikufa ghafla?

Wengi hudhani duka la kamera liliishi kwa kuuza kamera. Kamera ilikuwa chambo tu. Mtu aliyenunua Yashica, Zenit au Pentax K1000 aliitumia miaka kumi, pengine ishirini, kisha akamwachia mdogo wake. Kilichomlisha mwenye duka ni kile kilichoingia ndani ya kamera na kutoka: mkanda wa filamu wa picha 24 au 36, kuusafisha, kuchapa, kurudufu picha ile ile kwa shangazi na wajomba, betri, albamu, fremu, na picha za paspoti. Mkanda mmoja ulimleta mteja dukani mara tatu: kuununua, kuuleta usafishwe, na kuja kuchukua picha. Kila mara alipita mbele ya kabati la vioo.

Kamera ya dijitali ilipoondoa mkanda, ikaondoa safari zote tatu. Hilo linaeleweka kirahisi. Swali gumu zaidi ni hili: mbona maduka mengi hayakufifia polepole? Fundi cherehani anayepungukiwa wateja huuza cherehani moja, akabaki na nyingine. Duka la picha lilikuwa na kazi ya kutosha mwaka huu, na baada ya miaka miwili mitatu mlango umefungwa. Jibu limo ndani ya tangi la dawa ya kusafishia mkanda.

Kodak ilianzisha utaratibu wa kusafisha filamu ya rangi unaoitwa C-41 mwaka 1972, na watengenezaji wengine wakaufuata. Ikawa mkanda wa Kodak, Fuji, Konica au Agfa unaweza kupita kwenye dawa ile ile. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Noritsu ya Japani ikaleta mtambo mdogo wa kusafisha na kuchapa, yaani minilabu, unaoenea ndani ya duka la kawaida. Kazi ya rangi iliyokuwa ikipelekwa kwenye maabara kubwa na kurudi baada ya siku kadhaa ikawa ya saa moja.

Fundi huuvuta ulimi wa mkanda kutoka kwenye kopo lake, huukata ncha uwe mraba, na huubandika kwa utepe kwenye kadi ya plastiki yenye matundu pembeni. Kadi hiyo hukamatwa na meno ya mashine na kuuburuta mkanda gizani, tangi baada ya tangi. Utepe ukibandikwa upande, mkanda hupinda ndani ya mashine na kukwama, na hapo picha za mteja zimekwisha.

Tangi la kwanza lina dawa ya kuibua picha. Katika utaratibu wa kawaida wa C-41, mkanda hukaa humo dakika 3 na sekunde 15 kwenye nyuzijoto 37.8 za Selsiasi. Joto likipotoka zaidi ya nyuzi 0.15, rangi huanza kuyumba. Dawa inayofuata huyabadilisha madini ya fedha yaliyojengeka kwenye filamu, nyingine huyayeyusha na kuyaondoa, ikabaki rangi tupu. Kisha mkanda husuuzwa na kukaushwa. Karatasi ya picha ina mlolongo wake kwenye mtambo wa pili: nyuzijoto 35, sekunde 45 kwenye dawa ya kuibua, sekunde 45 kwenye dawa ya kuondoa fedha, kisha kusuuzwa.

Dawa ile ya kwanza ndiyo yenye roho nyepesi. Huchoshwa na mambo mawili: kazi na hewa. Kazi ina tiba. Kila mkanda unapopita, pampu hutia makumi machache ya mililita ya dawa mpya, na kiasi kama hicho cha dawa ya zamani humwagika nje. Hewa haina tiba ya namna hiyo. Dawa yenye joto la mwili wa mgonjwa wa homa, ikikaa kwenye tangi lililo wazi juu, huungana na oksijeni saa zote mtambo unapowaka, awe mteja amekuja au hakuja. Na maji nayo hupanda mvuke, dawa ikazidi kuwa nzito.

Tupige hesabu. Chukua tangi la lita 12, na nyongeza ya mililita 40 kwa kila mkanda. Ili dawa yote ya tangi iwe imebadilishwa mara moja, inahitajika mikanda 300. Duka linalosafisha mikanda 40 kwa siku hufika hapo kwa siku saba na nusu. Dawa yake ni mbichi daima. Duka linalosafisha mikanda mitatu kwa siku huhitaji siku 100. Miezi mitatu na zaidi dawa ile ile inachemshwa taratibu kwenye hewa. Haiwezi kuvumilia.

Dalili zake kila fundi wa mtambo alizijua. Dawa hubadilika kutoka karibu kutokuwa na rangi hadi rangi ya chai, kisha chai ya rangi iliyokolea. Kwenye rola hujengeka masizi yanayonata, na mkanda ukipita unatoka na mistari ya mikwaruzo kutoka mwanzo hadi mwisho. Negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa wenye picha iliyogeuzwa rangi, huwa nyepesi, kama iliyopigwa gizani hata kama ilipigwa saa sita mchana. Picha zikichapwa, vivuli vinakuwa vya kijivu na nyuso za watu zinaegemea kijani au wekundu, na hakuna kitufe cha mashine kitakachozirudisha. Maduka makini yalipitisha kila asubuhi kipande cha filamu ya majaribio kilichokwisha kupigwa mwanga kiwandani, wakakisoma kwa kipimo cha wiani, yaani ukolezi wa rangi, na kuandika namba kwenye chati. Mstari wa chati ukianza kuteremka siku hadi siku, fundi alijua dawa inakufa kabla mteja hajaona kitu.

Sasa mwenye duka ana njia tatu, na zote mbaya. Anaweza kumwaga tangi zima na kuchanganya jipya, na gharama ya lita 12 ni ile ile iwe wamekuja wateja 300 au watano. Anaweza kuendelea na dawa iliyochoka na kuharibu picha za harusi ya mtu. Au anaweza kukusanya mikanda awashe mtambo Jumamosi tu. Ila mteja aliyezoea kungoja saa moja anaambiwa arudi wiki ijayo, na harudi. Mikanda inapungua tena, dawa inachoka haraka zaidi. Kwa hiyo duka lililopoteza nusu ya wateja halikubaki na nusu ya biashara. Lilivuka mstari ambao chini yake dawa haikai hai, na kuanzia hapo kila siku iliyopita iliongeza hasara.

Karatasi nayo ilikuwa na shida ya aina hiyo, ingawa ndogo. Roli yenye upana wa sentimita 15.2 na urefu wa mita 186 hutoa karibu picha 1,800 za inchi 4 kwa 6. Kwenye joto na unyevu wa pwani, roli iliyokaa muda mrefu nje ya friji hutoa picha zenye ukingo wa manjano badala ya mweupe.

Umeme usisahaulike. Ukikatika mkanda ukiwa katikati ya dawa ya kwanza, dakika 3 na sekunde 15 hugeuka dakika kumi, na kilichobaki ni filamu nyeusi. Ndiyo maana minilabu bila jenereta au betri kubwa ya akiba ilikuwa kamari. Wakati wa mgao wa umeme nchini Kenya mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2006, gharama ya mafuta iliingia moja kwa moja kwenye bei ya kila picha.

Nani aliondoka kwanza? Si baba mwenye kamera ya familia. Huyo alileta mikanda miwili mitatu kwa mwaka, Idi na Krismasi. Waliolishikilia tangi ni wapiga picha wa kazi: wa harusi, wa mahafali, na wale wa bustanini kama Uhuru Park jijini Nairobi, waliopiga mchana, wakapeleka mikanda jioni, na kesho yake wakazunguka kugawa picha. Mmoja wao aliweza kuleta kazi ya familia hamsini. Na hao ndio waliokuwa na sababu kubwa ya kuhama mapema, kwa sababu kwao mkanda ulikuwa gharama ya kila siku. Kadi ya kumbukumbu hununuliwa mara moja, hufutwa na kutumika tena. Walipohama, duka lilipoteza kwa mkupuo ile kazi iliyokuwa ikiiweka dawa hai.

Palikuwa na kipindi kifupi cha nafuu. Fuji ilikuwa imeleta mtambo wa Frontier mwaka 1996, unaochapa kwa miale ya leza kwenye karatasi ile ile ya kawaida, hivyo picha za dijitali nazo ziliweza kusafishwa dukani. Maduka yaliyomudu mtambo huo yaliona foleni za watu wenye kadi na sidii. Lakini bei yake ilikuwa ya kukopea benki, na mkopo ulipigiwa hesabu ya idadi ya picha ambayo haikudumu. Simu zikapata kamera na kioo kizuri, WhatsApp ikaja mwaka 2009, na picha ikawa kitu cha kutumiana, haishikwi mkononi.

Juu huko viwandani mambo yalikuwa yakienda vilevile. AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2005. Konica Minolta ilitangaza kuacha biashara ya kamera na picha Januari 2006. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Januari 2012, na mwaka mmoja baadaye maduka ya Jessops, jina kubwa la kamera Uingereza, yakawekwa chini ya wasimamizi na kufungwa. Kamera za dijitali zenyewe zilifika kilele cha takriban milioni 121 zilizosafirishwa na watengenezaji mwaka 2010. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Mwenye duka wa Mombasa au Mwanza hakuyaona hayo gazetini tu. Aliyaona pale rola ya akiba ilipokosekana, au sanduku la dawa lilipofika limebakiza miezi michache kabla ya tarehe ya mwisho.

Ufundi wa kutengeneza kamera uliondoka kwa mlango huohuo. Kamera ya zamani ilifunguka kwa bisibisi. Fundi alikwangua sponji ya kuzuia mwanga iliyogeuka lami nyuma ya mfuniko, akabandika mpya; alifungua lenzi yenye kuvu, ule utando kama wa buibui unaoota kioo kikikaa kwenye unyevu, akaufuta kabla haujala ngozi ya kioo. Kamera ndogo ya dijitali ikiingiwa na mchanga kwenye lenzi inayotoka na kurudi, kuitoa sehemu nzima ya lenzi na kuweka nyingine hugharimu karibu sawa na kamera mpya.

Kilichobaki mitaani ni studio ndogo zenye mashine za wino au za utepe wa rangi. Hizi za utepe huipasha joto rangi ya manjano, kisha ya zambarau-nyekundu, kisha ya samawati, mpaka zihamie kwenye karatasi, na mwisho huweka tabaka la kinga. Utepe na karatasi huja kwa pamoja vikiwa na idadi kamili. Kwenye aina moja maarufu ni picha 700 kwa roli. Hakuna tangi, hakuna dawa ya kuchoka. Mashine ikikaa wiki nzima bila mteja, picha ya Jumatatu itatoka sawa na ya Ijumaa. Hii ndiyo tofauti iliyookoa studio chache. Ila mashine hiyo hununulika kirahisi kiasi kwamba jirani naye anayo, na mwenye duka la fotokopi anayo, kwa hiyo bei ya picha imeshuka mpaka chini. Hata picha za paspoti zimepungua: NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa ya Tanzania, kwa mfano, humpiga picha mwombaji palepale anapotoa alama za vidole.

Kinachotia uchungu zaidi ni negativu. Studio nyingi zilihifadhi za wateja ili wakirudi kurudufu wazikute. Capital Art Studio ya Zanzibar, Parekh ya Mombasa na Bakor ya Lamu zinajulikana, na picha zao zimetafutwa na watafiti na watunza makumbusho. Lakini kwa kila moja ya hizo kuna studio nyingi zisizo na jina ambazo masanduku yake yalikwenda jalalani siku pango liliposhindikana, na humo mna nyuso za mtaa mzima.

Kama sanduku la namna hiyo liko nyumbani kwenu au kwa jirani aliyefunga studio, lifungue unuse. Harufu ya siki maana yake plastiki ya filamu imeanza kuoza kwa joto na unyevu, na mvuke wake huozesha filamu za jirani. Zitenge hizo na uzinakili kwanza. Nyingine zitoe kwenye mifuko ya nailoni, uzitie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ukizishika kwa kingo tu. Weka masanduku mahali pa baridi, mbali na bati la paa na juu ya sakafu, na uache hewa ipite. Andika juu ya kila bahasha jina la studio, mtaa na mwaka kama vinajulikana. Kuzinakili kunawezekana kwa simu nzuri au kamera: weka kioo cheupe chenye taa sawia chini, negativu juu yake, piga kwa wima kabisa huku chumba kikiwa giza, kisha geuza rangi kwa programu. Na mkanda ambao haujasafishwa bado, hata wa miaka ishirini, usiutupe; picha zake zitakuwa zimefifia na kuwa na chengachenga, lakini mara nyingi sura bado zimo.