Chapa ya pili ndo ninayoisubiri

Watu wakija hapa kwangu Kirumba wakaona chapa zangu ukutani, yaani picha ninazochapa kwa wino kwenye karatasi, swali ni lile lile, hii ni nini? Nawajibu mawe. Wanaangalia tena, mawe yako wapi sasa. Jamani Mwanza mawe yapo kila kona, jiwe la Bismarck liko pale majini linapigwa picha kila siku, mi nikilichora vile vile lilivyo nitakuwa nimekuongezea nini? Ninachokitafuta ni ule uzito, jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya lenzake na wamegusana sehemu ndogo tu, afu kuna mwanga mwembamba unapita katikati.

Nachukua kioo kinene, naweka wino wa mafuta kidogo na kuutandaza kwa rola mpaka nisikie kasauti kama dagaa wanaanza kukaangika, ukisikia rola inanata kwa kelele basi wino umezidi, punguza. Juu yake nalaza karatasi nilizochana kwa mkono, ndo mawe yangu hayo (mkasi hapana, unatoa ukingo mkali mno) na kipande cha nyavu chakavu ya dagaa toka soko la samaki la Mwaloni, ina matundu madogo sana. Natandika karatasi ya kuchapia, nasugua na mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni, mashine sina na kwa kazi hii wala siihitaji.

Chapa ya kwanza inatoka nyeusi tii, mawe na nyavu ni meupe matupu kwa sababu wino haukufika. Wengi wanaishia hapo. Mi natoa vile vipande taratibu, narudisha karatasi nyingine bila kuongeza wino wowote, na hapo ndo raha yangu ilipo, kwa sababu wino uliokuwa umefichwa chini ya jiwe bado upo wote, kwa hiyo lile lililokuwa tupu sasa ndo limejaa, pembeni kumefifia kama ziwa asubuhi, na nyavu inaonekana fundo kwa fundo.

Masika muwe na subira, wino wa mafuta unakauka polepole, niliwahi kuzipanga chapa mapema zikagandana zote, niliumia sana.

Kwenye turubai ya kuchorea nafanya hivyo hivyo, napaka giza kwanza afu nafuta kwa kitambaa, na naacha kufuta pale nikiutazama ule mwanya napata wasiwasi jiwe la juu litateleza.